Harusi Zilizomo Kwenye Kopo la Biskuti

Maneno niliyoyasema Jumamosi asubuhi mbele ya wapiga picha za video na familia zao, ukumbini Makole, Dodoma.

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, akina mama, na ninyi vijana mnaoishi kwa kamera, mbukwenyi!

Nimekuja na kopo hili. Mliokaa nyuma, ni kopo la biskuti la bati, lile ambalo katika kila nyumba huishia kutiwa nyuzi na vifungo. Ndani yake mna diski 31, DVD ndogo za kamera ya video. Kila moja ina upana wa sentimita 8 tu, unaifumbata kiganjani. Humu mna harusi, ubatizo, misiba miwili, siku ya kuvuna zabibu, na ngoma za muheme za bibi zangu wa Mvumi. Kopo lilikaa juu ya kabati miaka mingi, chini ya bati, na mnajua bati la Dodoma linavyochoma mwezi wa Novemba. Nimekuja kumwomba kila mwenye kopo kama hili alishushe leo jioni.

Kwa vijana ambao hamkuzikuta: kamera za diski zilianza kuuzwa mwaka 2000, Hitachi ndio waliotangulia, wakafuata kina Sony, Panasonic na Canon. Ya kwangu niliipata mwaka 2006, ya mtumba. Tulizipenda mno. Ukimaliza kupiga, unaitoa diski kwenye kamera, unaitia kwenye deki, familia inajiona palepale sebuleni, hakuna kurudisha mkanda nyuma. Tabu yake ilikuwa moja. Diski ya upande mmoja hubeba GB 1.4. Ukichagua ubora wa juu unapata dakika kama 20, wa kati 30, wa chini 60. Harusi zetu mnazijua. Dakika 30 zinaisha bibi harusi hajashuka kwenye gari. Kwa hiyo mpiga picha alikuwa akizunguka na diski mifukoni, nyingine ikijaa mtu yuko katikati ya neno. Baadaye zikaja memori kadi, na kamera za diski zikatoweka haraka kuliko zilivyoingia.

Zimebaki diski. Na diski hizi hazikuumbwa kukaa milele. Zile za kuandikwa mara moja zina tabaka la rangi ambalo mwale wa kamera uliliunguza alama alama. Joto na jua hulififisha tabaka hilo polepole, bila ishara yoyote kwa nje. Unaweza kuishika diski inang'aa kama siku uliyoinunua, ukaiweka kwenye mashine ikasota, ikasota, isisomeke.

Sasa niwaambie kilichonifanya nisimame hapa.

Mwaka 2008 nilipiga harusi moja Chamwino. Babu wa bibi harusi alisimama kutoa nasaha. Alikuwa mzee wa maneno machache. Alizungumza Kigogo, taratibu, kama dakika nne, ameshika fimbo yake kwa mikono miwili. Siku hizo mimi niliamini kwamba video nzuri ni yenye muziki mwanzo mwisho. Nikakaa kwenye kompyuta, nikasikia upepo, nikasikia jenereta, nikaizima sauti yote ya sehemu ile na kulaza juu yake wimbo wa bongofleva uliokuwa ukivuma. Nikachoma nakala, nikawakabidhi, wakafurahi. Diski ya asili ilikuwa ya aina inayofutika. Nikaifuta ili niitumie kwenye kazi ya wiki iliyofuata.

Miaka sita baadaye mzee yule alifariki. Binti yake, mama wa bibi harusi, akanipigia simu: "Mwanangu, tunaomba ile sauti ya baba. Tunataka watoto waisikie siku ya arobaini." Nikaenda, tukaitafuta ile video, tukaifungua pamoja. Mzee yupo. Midomo inacheza, fimbo inagonga chini, na kinachosikika ni kibao cha watu wa mjini. Nilimweleza ukweli wote, kwamba sauti haipo popote tena duniani. Hakunigombeza. Alisema, "Haya, mwanangu," akaanza kukusanya vikombe vya chai.

Ndiyo maana leo, kabla ya programu yoyote na kabla ya ufundi wowote, nasema hivi: kwanza unanakili diski nzima, kama ilivyo, na nakala hiyo haiguswi. Kuediti ni kazi ya siku nyingine, na inafanyika kwenye nakala ya nakala. Mengine yote nitakayosema ni njia tu ya kufika hapo.

Tuanze na kikwazo cha kwanza, maana ndicho kinachowakatisha watu tamaa. Unaitia diski kwenye kompyuta, kompyuta inakwambia diski ni tupu. Mara nyingi si tupu. Haijafungwa. Diski za kamera hizi, ukishamaliza kurekodi, ilibidi uende kwenye menyu uiamuru kamera iifunge, kazi ambayo mafundi tunaiita kufainalaizi. Kamera ilikuwa inaandika pale mwanzoni orodha ya vilivyomo, ili mashine nyingine ijue pa kusoma. Tulio wengi tulikuwa tukichoka, betri inaisha, tunasema nitafunga kesho. Picha zimo, zimelala, ila mlango haujawekwa.

Hapo kuna hatari kubwa. Kompyuta ikiona diski haisomeki, inaweza kukuuliza kama unataka kuiandaa upya, yaani kuifomati. Usikubali! Ndugu yangu mmoja aliipeleka diski yake kwenye duka moja hapa mjini, kijana wa pale akaliona swali hilo akabonyeza ndiyo kwa nia njema kabisa. Diski ilikuwa ya kufutika, ikatii. Ubatizo wa mtoto wake wa kwanza uliondoka kwa kubonyeza mara moja. Kwa hiyo ukimpelekea mtu diski, mwambie kwa mdomo wako, na umwandikie kwenye karatasi: isiandaliwe upya, isifutwe, isomwe tu.

Dawa yake ni kamera. Ikiwezekana kamera ileile iliyorekodi, na kama ilishauzwa, tafuta ya kampuni hiyohiyo na toleo hilohilo. Ulizeni wapiga picha wa zamani, wengi wanazo uvunguni. Ichomeke kwenye umeme kwa chaja yake, usitegemee betri, kisha uiweke mezani bila kuitikisa, uagize ifunge. Inachukua dakika kadhaa. Umeme ukikatika katikati unaweza kuipoteza diski, kwa hiyo siku za mgawo subirini, au azimeni mahali penye umeme wa akiba. Aliyekosa kamera kabisa asikate tamaa: ipo programu iitwayo IsoBuster ambayo inaweza kusoma hata diski isiyofungwa, ingawa baadhi ya kazi zake ni za kulipia. Kwa harusi ya wazazi wako, lipia.

Kuhusu usafi nitasema kidogo. Vumbi letu mnalijua. Kitambaa laini cha pamba, unafuta kwa mstari ulionyooka kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe usizungushe, kwa sababu mkwaruzo unaofuata mzunguko unakata mfululizo mrefu wa picha, na ule unaokatisha unaumiza kidogo tu. Uchafu ukigoma, tone la sabuni kwenye maji ya vuguvugu. Tina na petroli viacheni kwa mafundi wa magari.

Halafu mashine ya kusomea. Laptopu nyingi za leo hazina kabisa mahali pa kuweka DVD, kwa hiyo mtanunua au kuazima draivu ya nje ya kuchomeka kwa USB. Chagueni ile inayotoa trei. Angalieni trei yenyewe kwa karibu: katikati kuna duara dogo lililozama ndani ya duara kubwa. Hilo dogo ndilo la diski zetu. Ziko draivu nyingine hazina trei, zina mdomo tu unaomeza diski. Hizo zilitengenezewa diski kubwa ya sentimita 12, na ukiilisha diski ndogo inaweza kukwama ndani. Pia ilaze draivu iwe bapa, isisimame kwa ubavu.

Diski ikisomeka, utaona folda. Ikiwa kamera ilirekodi kwa mtindo wa kawaida wa video, folda inaitwa VIDEO_TS, na ndani mna mafaili yanayoishia na VOB, IFO na BUP. Picha na sauti zimo kwenye VOB. Ikiwa ilirekodi kwa mtindo ule mwingine, uliokuwa ukikuruhusu kufuta na kupanga vipande ndani ya kamera, utakuta folda inaitwa DVD_RTAV na faili moja kubwa, VR_MOVIE.VRO. Vyovyote iwavyo, chukua folda nzima, hata vile vifaili vidogo ambavyo vinaonekana havina kazi. Mara nyingi humo ndimo ilimoandikwa tarehe na saa ya kila kipande. Nimeona watu wanachukua VOB peke yake, wanatupa vingine, halafu miaka inapita wanabishana mtoto alibatizwa mwaka gani.

Kunakili kwenyewe ni kuburuta tu, maana hizi ni picha zako, hazina kufuli kama filamu za dukani. Ikigoma katikati, usirudie mara ishirini kwa hasira. Jaribu draivu nyingine kwanza. Ni jambo la ajabu lakini ni kweli: diski iliyokataa mashine tatu inaweza kukubali ya nne, kwa kuwa macho ya mashine hizi hayalingani. Ikishindikana kabisa, wanaotumia Linux wana programu ya ddrescue, ambayo inachukua kwanza vyote vinavyosomeka kirahisi, kisha ndiyo inarudi kwenye sehemu ngumu kidogokidogo. Mimi diski ya kuvuna zabibu niliiacha inasomwa usiku kucha. Asubuhi nilikuta imeokoa yote isipokuwa sekunde chache, na zilizopotea ni za mawingu.

Hesabu ya nafasi isiwatishe. Diski zangu 31 zote, zikiwa zimejaa, ni kama GB 43. Zinaingia kwenye flashi moja ya GB 64. Ila flashi ni ya kubebea, isiwe ya kuhifadhia. Hifadhini kwenye eksteno mbili, zile diski kuu za nje za kompyuta, moja nyumbani na nyingine kwa ndugu wa mbali, Kondoa au Mpwapwa huko, ili moto au mwizi asizipate zote kwa usiku mmoja.

Sasa kuediti, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo video nyingi za zamani zinapoharibiwa na watu wanaozipenda.

Faili la VOB halizidi GB 1. Diski iliyojaa basi inatoa mawili, na la pili linaanza mtu akiwa katikati ya sentensi. Hiyo si hitilafu, ni faili moja lililokatwa, na yanatakiwa kuunganishwa kabla ya kuyakata popote. Na lile linaloishia na 0, mfano VTS_01_0, huwa ni la menyu tu, usilipachike kwenye harusi. Programu ya Avidemux, ambayo ni ya bure, ukiifungulia faili la kwanza hutambua kuwa lina mwenzake ikakuuliza kama iyaunge. Kubali.

Uzuri wa Avidemux ni kwamba inaweza kukata bila kupika picha upya, yaani bila kuibana upya. Ukiipika picha upya unapoteza kidogo kila mara, kama kunakili maandishi kwa fotokopi ya fotokopi. Lakini kukata bila kupika kuna sharti. Picha za MPEG-2, mtindo ambao diski hizi zinabania video, hazikuhifadhiwa zote kamili. Iko fremu, yaani picha moja tuli, iliyo kamili, halafu zinafuata nyingine kadhaa zinazoandika tu kilichobadilika, kisha inakuja kamili tena, karibu kila nusu sekunde. Kipande chako lazima kianzie kwenye fremu kamili. Kwenye Avidemux, mishale ya kulia na kushoto inakupeleka fremu moja moja, ya juu na chini inakurusha kwenye zile kamili. Tumieni ya juu na chini. Ukianzia kwingine, picha inatokea vipande vipande kwa muda, kama kioo kilichopasuka. Nusu sekunde ya ziada haijawahi kumuudhi mtu.

Kwa wanaotaka kupeleka kwenye programu kubwa za kuediti, VOB zenyewe huwasumbua: sauti inakosekana kwa kuwa imefungwa kwa mtindo wa Dolby, au inakuja lakini inaanza kuachana na midomo. Pitisheni kwanza kwenye HandBrake, nayo ya bure, chagueni ubora wa juu, namba 18 hivi, na kasi ya fremu isiyobadilika.

Hapo kwenye HandBrake kuna jambo ambalo nawaomba wapiga ngoma mlisikie. Kamera hizi hazikupiga picha nzima kwa mkupuo. Zilipiga mstari huruka mstari, nusu-picha 50 kwa sekunde, kwa ajili ya zile televisheni za chogo. Kwenye kioo cha kompyuta nusu mbili zinabandikwa pamoja, na chochote kinachokwenda kasi kinaota meno ya kitana. Mtu aliyekaa hutaliona. Mtazame mama anayepiga muheme, ngoma imebanwa katikati ya mapaja, mikono inashuka na kupanda: mikono yote inakuwa vitana. Watu wengi huondoa meno hayo kwa njia inayobakiza picha 25, na nusu ya mwendo wa mikono inapotea machoni. Mkichagua ile njia iitwayo bob, na kuweka kasi 50, kila nusu inakuwa picha yake, na mikono ya mama yule inarudi kama ilivyokuwa uwanjani. Nilipoliona hilo kwa mara ya kwanza kwenye diski ya Mvumi nilisimama kitini.

Umbo nalo. Picha zetu ni nukta 720 kwa 576, na nyingi ni za umbo la kale, nne kwa tatu. Ziacheni hivyo, na pembeni pabaki peusi. Mkizivuta zijaze kioo kipana, wazazi wenu wananenepa na gari la maharusi linakuwa refu kama basi. Wala msizikuze kuwa za ubora wa leo. Programu haiwezi kuchora nywele ambazo kamera haikuziona.

Sauti mmeshasikia kisa changu. Mkitaka muziki, wekeni pale watu wanapotembea au wanapokula. Mtu akifungua kinywa, muziki unashuka mpaka chini. Na upepo unapunguzwa kwa kukata zile sauti nzito za chini kabisa, karibu kila programu ina kitufe hicho. Mzee wa Chamwino angesikika vizuri sana kwa kazi ya dakika tano.

Mkishamaliza, yapeni mafaili majina yanayoanza na mwaka, mwezi, siku, kisha mahali, kisha tukio. Lakini tarehe ya kamera msiiamini moja kwa moja. Ikikaa bila chaji muda mrefu saa yake hujirudisha mwanzo, na kwenye diski zangu iko harusi ambayo kwa mujibu wa kamera ilifanyika siku ya Mwaka Mpya saa sita usiku. Kaeni na wazee. Wekeni video, simamisheni, ulizeni huyu ni nani, yule aliyevaa kaniki ni mke wa nani, wimbo huu unaimbwa lini. Andikeni. Mzee Hukwe Zawose, mwimbaji wetu mkubwa wa Kigogo, alifariki mwaka 2003, na mpaka leo tunamsikia na ilimba na zeze lake kwa kuwa wengi walimrekodi. Bibi zangu wa Mvumi hawakurekodiwa na mtu yeyote isipokuwa mimi, kwa kamera ya mtumba. Wawili kati yao hawapo tena.

Na kabla hamjarusha chochote mtandaoni, ulizeni wenyewe. Ziko ngoma za uwanjani ambazo ni za wote, na ziko za jando ambazo hata aliyeshika kamera aliruhusiwa kwa masharti. Kina mama waliojifunga ukanda wakicheza mwaka 2007 walikuwa wanacheza mbele ya ndugu zao. Kwenye kundi la familia sawa, lakini mkituma kwa WhatsApp kama video inabanwa sana. Itumeni kama dokumenti, inafika kama ilivyotoka.

Nimeleta draivu mbili na kamera moja ambayo bado inafunga diski, ziko kwenye meza ile ya dirishani. Waliokuja na diski zao wazipange pale, kila mmoja aandike jina lake kwenye bahasha, tusiandike juu ya diski kwa kalamu ya wino mkavu. Tutaanza na zile ambazo hazijafungwa, umeme ungalipo.

Wakati zinasomwa nitawaonyesha dakika nne za Mvumi, bila muziki, bila kukatwa. Mwanzoni mtaona udongo tu, kamera imeelekea chini, na mtasikia bibi mmoja akiuliza kwa Kigogo kama nimeshaanza. Sehemu hiyo mwaka ule niliiondoa kwenye nakala ya wageni. Kijana, naomba uzime taa za mbele.